Nyekundu Ilikukubali Wewe

Zaituni, mke mwenzangu,

Hali sikuulizi, maana hali ya huko uliko sijui huulizwa vipi. Sisi huku tu wazima. Mume wetu Bakari mzima, ila goti linamsumbua akiinuka. Saidi, yule niliyekuwa nimembeba tumboni ulipokuwa unanichotea maji, sasa anachunga mbuzi na ana mdomo kama wa baba yake. Halima amekuwa msichana. Kwa ajili ya Halima nimechukua karatasi dukani, nimekaa ukumbini tangu asubuhi na zile herufi za Kiarabu alizonifundisha marehemu baba, nakuandikia wewe ambaye hukujua kusoma hata ulipokuwa hai. Pengine wafu wote hujua kusoma. Kama ni hivyo, hapo tena umenizidi.

Juzi Halima katoka unyagoni. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu mimi, usilisikie kwa ndugu zako wa Mkunya, maana wao watalipamba.

Lakini siwezi kulisema hilo bila kuanza na nguo. Yetu yote yalianzia kwenye nguo.

Kabla hujaja, kila Bakari aliporudi kutoka Lindi na wapagazi wake aliniletea kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi. Kaniki nilivaa, kaniki nikalimia, kaniki nikamzalia Halima. Sikujua kama mwanamke anaweza kuletewa kingine. Kisha akakuleta wewe kutoka Mkunya, binti wa Kimakonde mwenye shingo ndefu, na siku hiyo hiyo akafungua mtumba wa vitambaa barazani, akakukatia ile nguo nyekundu tuiitayo bendera. Ulipoingia nayo uani hata kuku waliinua vichwa.

Mimi kungwi wangu wa Chiwata alinifundisha kwamba nyekundu ni neno la kumzuia mume. Ukitundika shanga nyekundu ukutani, mume anajua siku hizo asikusogelee. Ukitundika nyeupe, njia iko wazi. Basi nilipokuona umejifunga nyekundu toka kifuani hadi miguuni, nilicheka moyoni. Nikasema, huyu mtoto kajizungushia ukuta mwenyewe. Zaituni, Bakari hakuona ukuta. Aliona mlango.

Nilimwona macho yake. Mtu aliyetembea kutoka Lindi, miguu imevimba, hata uji anaunywa amefumba macho, akikuona unapita na ile nguo anakaa wima kama aliyemwagiwa maji. Mimi nikipita na kaniki yangu, mabega yanamshuka, anapiga miayo, analala. Watu walisema, "Mama Halima, mumeo anapumzika kwako." Ndiyo, alipumzika. Hata mkeka hupumzikiwa.

Nikamwomba na mimi anikatie bendera. Akanikatia. Nikajifunga, nikapaka mafuta, nikamletea maji ya kunawa. Akanitazama kwa huruma kabisa, akaniuliza, "Mama Halima, una homa?"

Nguo ile niliikunja nikaiweka chini ya kitanda. Hukuniuliza ilikwenda wapi. Hilo nalo lilinikera, kwamba ulikuwa na adabu.

Kisha Halima. Alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa, analia kwa kila kitu. Nikimchukua mimi anajikunja kama nge. Ukipita wewe, kilio kinakatika, mikono inanyooka kuifuata nguo yako. Ulikuwa unacheka, unambeba, unaniambia, "Dada, ni nguo tu anaifuata, si mimi." Nilitamani kukuamini.

Unakumbuka ulivyokuwa unakaa barazani Bakari akiwa safarini, unapokea wateja wa nguo? Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuona. Uliniambia mwanamke aliyetoka kuzika haendi kwenye nguo nyekundu, anaipita kama anapita moto, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kaniki na anaipapasa kabla hajaiuliza bei. Wasichana nao huanza kushika bendera, hata kama mama zao wamewatuma kaniki. Wazee wa kiume wanapenda merikani nyeupe, lakini wakiishika wanapunguza sauti, kwa kuwa ndiyo sanda. Ukaniuliza, "Dada, kwa nini nikitazama nyekundu mwili unapata joto, nikitazama kaniki unapoa kama nimeingia kivulini? Rangi haina mikono. Inanishikaje?"

Nikakujibu, "Kwa sababu wewe bado mtoto."

Swali lilikuwa zuri, na lilitoka kwako.

Ukaja mwaka wa maji. Watu wakashuka kutoka kaskazini wakisema wanayo dawa, risasi ya Mdachi itageuka maji. Wengine wa kwetu waliinywa, wengine waliikimbia, wengine waliinywa kisha wakakimbia. Bakari alikuwa Lindi, na njia ya Lindi ilikuwa imefungwa. Asubuhi ile moshi uliinuka upande wa misheni ya hapa Masasi, ukapanda sambamba na mlima wa mawe, na chini ya moshi moto ulionekana mwekundu mchana kweupe. Wewe ulisema, "Dada, twende kwetu." Mimi nina mimba kubwa, kutembea ni kama kubeba mtungi bila kata kichwani. Ulimfunga Halima mgongoni, ukabeba unga kichwani, tukatoka na majirani kuelekea uwanda wa juu wa Newala.

Njiani mzee Mussa, aliyekuwa anatuongoza, akakusimamisha. "Mwanangu, nguo hiyo inaonekana mpaka Ruvuma. Utatuua." Hukuwa na nyingine. Nikakupa kaniki yangu ya pili, ukaifunga juu, nyekundu ikabaki ndani. Na hapo Halima akaanza. Aliposhika mgongo wako na kuona weusi mtupu mbele ya uso wake, alilia kilio cha mtu aliyeibiwa. Tulimbembeleza wote. Nilimpa titi, akageuza uso.

Tulikuwa tumefika chini ya ukingo wa uwanda, pale njia inapoanza kupanda, tuliposikia nyimbo za vita. Watu wengi, na si mbali. Mzee Mussa akatusukuma kichakani, tukalala kifudifudi juu ya miiba, nami nimelala ubavu kwa sababu ya tumbo. Halima bado analia. Mama mmoja akanong'ona, "Mzibe mdomo, au nitamziba mimi." Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Nikamvuta mwanangu kifuani, nikamwimbia sikioni ule wimbo niliomwimbia tangu alipozaliwa. Akazidi.

Ndipo wewe ukaingiza mkono ndani ya kaniki, ukavuta pembe ya ile nyekundu, ukamwekea kiganjani. Akaitazama. Akaiingiza mdomoni. Akanyamaza, macho wazi, ananyonya pembe ya nguo yako huku kichwa kiko kifuani pangu, na miguu ya wale watu inapita karibu kiasi kwamba niliona vumbi la visigino.

Zaituni, pale wote walikuwa wanaogopa kufa. Mimi pia niliogopa. Lakini nitakuambia kweli, maana wewe sasa huwezi kunisengenya: chini ya hofu, mahali ambapo hofu haifiki, nilikuwa na wivu. Mwanangu alikuwa anaokolewa na rangi yako.

Tukafika Mkunya. Mama yako alitupokea kwa uji wa uwele na machozi. Watu wa pale waliona mtoto mgongoni kwako, wakaanza kukuita Mama Halima. Mimi nikawa "yule mjamzito wa Masasi". Nilingoja uwakatalie. Ulikuwa unaitika, "Abee!" haraka haraka, kama mtu anayeogopa jina litachukuliwa. Nililala chini na miguu iliyovimba, nasikia jina langu likiitwa uani na sauti ya mwingine ikiliitikia.

Na maji. Kwenu juu hakuna maji, kila alfajiri wanawake wanateremka ukingo mpaka bondeni, wanapanda tena na mitungi. Ulikuwa unateremka kwa ajili ya mama yako, kisha unateremka tena kwa ajili yangu. Nilipomzaa Saidi, maji aliyoogeshwa uliyapandisha wewe. Sikuwahi kupata nafasi ya kukuchukia kwa raha. Kila nilipoanza, ulikuwa unakuja na mtungi.

Vita vikatulia upande wetu, ikabaki njaa. Askari walipita wakichukua mtama, na mahali walipoona watu wamekunywa ile dawa walichoma maghala. Tulikula mizizi. Wewe ulianza kuharisha damu, ukakonda mpaka shingo ile ndefu ikawa kama bua. Ulipokuwa umelala ulisema nguo ile inakuumiza macho. Uliniomba, "Dada, nifunike kaniki." Nilikufunika. Nilidhani ni ugonjwa unasema. Ukafariki mchana, jua kali, Halima anacheza mlangoni.

Bakari alifika umeshazikwa. Alikaa juu ya udongo mwekundu wa kaburi lako, hakulia. Aliuchota, akautazama mkononi, akaumwaga. Tangu hapo sijawahi kumwona akimtazama mtu wala kitu kwa yale macho. Nilidhani yakikuacha wewe yatarudi kwangu. Macho hayarithiwi.

Tulirudi Masasi. Misheni ikajengwa upya, akida wetu mpya akaja, kodi ikaja, na Bakari akafungua duka tena. Hapo ndipo swali lako likanirudia, kwa sababu mambo yalikuwa yamegeuka. Bendera hainunuliwi. Wanawake walewale waliokuwa wanaishika kwanza, sasa akiikunjua mbele yao wanarudi nyuma. Jirani yangu Mama Shaibu, ambaye nyumba yake iliungua, alitapika barazani. Alisema haumwi, ni rangi tu. Rangi ya vumbi ya sare za askari nayo ikawa hivyo: Saidi anajifunga gunia anacheza askari, anatembea kifua mbele, na mjane wa mtu aliyenyongwa akimwona tu anaingia ndani kufunga mlango. Gunia lile lile.

Nimefikiri miaka hii yote, nikiwa na kaniki yangu. Naona rangi nyingine zina nguvu zake tangu mwanzo. Nyekundu ni damu na moto na tunda lililoiva, kwa hiyo jicho likiiona linamwamsha mwenyewe kabla hajajua anaamshwa kwa nini. Weusi wa kaniki ni kivuli na wingu la mvua, mwili unajua hapo jua halichomi. Nyeupe ni unga wa tambiko na ni sanda, kwa hiyo mtu anatulia na anaogopa kwa pamoja. Mpaka hapo nilikuwa nimeridhika. Lakini Halima alinivuruga. Watu wote wa Masasi wakishtuka kwa nyekundu, Halima alikuwa anatulia. Akiugua homa, akiota vibaya, akichapwa, anakwenda dukani kwa baba yake, anakaa chini karibu na mtumba wa bendera, anapumua taratibu. Moto ule ule aliuona na yeye. Ila siku ile ya moto, kilichokuwa mbele ya uso wake kilikuwa mgongo wako.

Basi hilo ndilo jibu, Zaituni, na nimelipata mimi, usilichukue. Rangi inaingia na kile kilichokuwa nayo siku ilipoingia. Kwa Mama Shaibu iliingia na moto. Kwa Bakari iliingia na wewe. Kwa mwanangu iliingia na wewe. Kwangu mimi pia iliingia na wewe, na ndiyo maana nikiiona meno yanakazana.

Sasa nije kwenye unyago.

Halima alipojua zamu yake imefika, aliniambia, "Mama, siku ya kutoka nataka nguo nyekundu." Nikasema kitu kidogo, nitavumilia. Kisha akasema, "Na anibebe mabegani ndugu yake Mama Mdogo, yule wa Mkunya."

Mama Mdogo, ndivyo anavyokuita wewe mpaka leo. Nilimwambia hajui anachosema. Unajua kwetu anayembeba mwali siku ya kutoka si mbebaji tu, ndiye somo wake hata akizeeka. Kaka yangu wa Chiwata aliposikia aliuliza, "Tangu lini mtoto wa Chiwata akapanda mabega ya Mkunya?" Nilifurahi kwamba amenisaidia. Nikadhani yamekwisha. Halima hakubishana, akaacha kula. Hakulia, hakununa, alikuwa anaketi na kutafuna maneno yake. Bakari akasema, "Hayo ni ya wanawake," akatoka nje, lakini nilimwona mgongo, alikuwa anataka pia.

Nikapanda mwenyewe Mkunya. Nilikwenda kumwomba Somoe mdogo wako, na njia nzima nilikuwa natumaini atakataa.

Nilimkuta anatwanga. Kafanana nawe shingo, Mungu amsamehe. Tukasalimiana, nikamweleza. Aliweka mchi chini, akaniambia, "Dada, nitakuja. Ila nyekundu sitavaa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Marehemu hakuipenda nguo ile."

Nikamwambia, wewe Somoe, nguo ile ilikuwa ngozi yake.

Akacheka kidogo. "Hukujua? Alikuwa akija kwetu analalamika kwa mama. Anasema, 'Mwenzangu kaletewa kaniki, nguo ya kulimia na kuzalia, nguo ya mtu mwenye nyumba. Mimi nimeletewa nguo ya ngoma. Ngoma ikiisha nitafanya nini nayo?' Alikuwa anakuonea wivu, dada. Kaniki yako, mtoto wako, hata jinsi mume alivyolala kwako. Alisema, 'Kwake anapumzika, kwangu anatazama tu.'"

Nilikaa chini ya kipenu chake bila kuombwa. Nilikumbuka ulivyoitikia jina langu uani, haraka haraka. Nilikumbuka ulivyosema nikufunike kaniki.

Zaituni, ungeniambia. Tungekaa barazani, mimi na wewe, tukabadilishana zile nguo, Bakari akarudi akatukuta tumevaa kinyume, akatuuliza wote kama tuna homa. Hukuniambia. Ulikuwa na wivu na bado ukateremka bondeni na mtungi. Wangu ulininunisha miaka; wako haukumkwaza hata kuku. Hata wivu wako ulikuwa mzuri kuliko wangu, na nimeshindwa kukusamehe hilo.

Siku ya kutoka, Somoe alishuka Masasi na kaniki mpya, kaifunga kifuani kama mama yako alivyozoea. Kaka yangu alisimama mlangoni kuzuia. Nikamwambia, "Kaka, shikamoo, pisha." Akaitika marahaba kabla hajafikiri, na akiwa anaitika tulishapita. Halima alitoka kapakwa mafuta, kanyolewa, anang'aa katika bendera yake, juu ya mabega ya Mkunya. Wanawake wa Masasi walirudi nyuma walipoona ile rangi. Kisha Mama Shaibu, yeye mwenyewe, akapiga kigelegele. Kilikuwa kikavu, kilikatika katikati, lakini alikipiga, na wengine wakakipokea. Bakari alisimama kwenye nguzo ya baraza, machozi yanamtoka mbele za watu. Sikumuuliza alikuwa anamlilia nani.

Nami nilicheza. Nilicheza mbele ya mabega yale mpaka kilemba kikaanguka, na nilikuwa na wivu kwa kila hatua: na Somoe, na nguo, na wewe uliyekosekana na bado umejaa uwanja.

Ndiyo hayo. Usipokee maneno ya mtu mwingine.

Siahidi kwamba nitaacha wivu. Nimekwisha kuzeeka na tabia hii, na kuiacha sasa ni kukufanya ufe mara nyingine. Ninaloahidi ni hili. Somoe aliniambia kwamba kila mwaka, mvua zikikaribia, ni yeye anayepalilia kaburi lako na kurudishia mawe yaliyobingirika. Alisema kwa unyenyekevu, kama kazi ya mdogo mtu. Nimekaa na neno hilo tangu siku ile, halitoki. Safari hii nitapanda Mkunya kabla yake, na jembe langu mwenyewe. Nimewaambia nyumbani, na Bakari nimemkataza kunifuata. Akitangulia Somoe nitampokonya jembe. Mke mwenzangu nitampalilia mimi.

Lala, Zaituni. Nakuja.

Mama Halima